Mchague Atakayekuchagulia

Wapo wenzetu wanaoandika mashairi na hadithi za kusifu enzi za mabaraza ya machifu. Mti mkubwa, wazee wenye mvi, busara inatiririka, uamuzi unapatikana bila makelele ya kampeni. Eti hiyo ndiyo demokrasia yetu ya asili. Jamani, tuache! Mimi ni mtoto wa Songea, nimekulia Lizaboni, na wazee nawaheshimu. Lakini hicho mnachokisifu si baraza la mababu. Ni chungu cha Mwingereza, kimetiwa viungo vyetu ili kinukie nyumbani.

Tazameni hesabu. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 wakaingia wawili, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Nani aliwapigia kura? Hakuna. Waliteuliwa. Na chifu wa zama zile alilipwa mshahara na serikali, serikali ikimchoka inamwondoa. Mkulima yuko chini, juu yake jumbe, juu ya jumbe chifu, juu ya chifu bwana DC. Sauti ya mkulima ikifika Dar es Salaam imeshakuwa sauti ya bwana DC.

Wala msiniambie tulifanyiwa hivyo kwa sababu hatukusoma. Mjerumani aliyewanyonga wazee wetu hapa Songea Februari 1906 alikuwa na mchezo wa namna hiyo kwao. Huko Prussia wapiga kura waligawanywa mafungu matatu kwa kodi wanayolipa: matajiri wachache fungu lao, maskini lukuki fungu lao, na kila fungu lina uzito sawa. Walipiga kura kwa mdomo, mbele za watu, na hawakumchagua mbunge. Waliwachagua wateule, wateule ndio wakamchagua mbunge. Mambo hayo yalidumu hadi 1918.

Kenya sitakaa sana. Mwaka 1958 waliongeza viti 12 vya kuchaguliwa na Baraza lenyewe, vinne kwa kila rangi. Akina Tom Mboya wakavikataa, maana Mwafrika wa kiti kile angehitaji kura za Wazungu ndipo aitwe msemaji wa Waafrika.

Anayetaka kuuona ujanja huu umeiva, aende Uganda. Uchaguzi wa Machi 1961 Mengo iliususia. Waganda wachache waliojitokeza ndio waliokipa chama cha DP cha Benedicto Kiwanuka viti vya Buganda, kikashinda nchi nzima ingawa UPC ya Milton Obote ilikuwa na kura nyingi zaidi. Mengo ikashtuka. Mwaka huo huo, mazungumzoni London, Buganda ikapata ilichotaka: wabunge wake 21 waweze kuchaguliwa na Lukiiko, si na wananchi. Kwa hiyo si Mwingereza peke yake, na wakubwa wetu walikuwa na mkono.

Februari 1962 Waganda wakachagua Lukiiko. Kabaka Yekka, yaani Kabaka peke yake, wakachukua viti 65 kati ya 68. Hebu jiweke mahali pa yule mwanakijiji. Kwa kweli ameulizwa swali moja tu: unampenda mfalme wako au humpendi? Nani atasema hampendi? Basi yale mapenzi Lukiiko ikayageuza kuwa wabunge 21, wakaungana na UPC, Obote akawa Waziri Mkuu. Muganda wa DP aliambulia viti vitatu Mengo na sifuri bungeni. Mei 1966 huyo huyo Obote akapeleka jeshi Mengo, na Kabaka akakimbilia Uingereza. Mwanakijiji hakuulizwa mara ya pili.

Mtanijibu: mbona hata kura ya moja kwa moja ilikuwa na hila? Kweli kabisa. Mwaka 1958 na 1959 Tanganyika ilipiga kura tatu: lazima umchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ukiacha mmoja karatasi imeharibika. Na uwe na darasa la nane, au kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo. TANU walibishana Tabora Januari 1958, wakaamua kuingia hivyo hivyo. Wakashinda! Kwa sababu yule mpiga kura, pamoja na uchache wake, alisimama mwenyewe mbele ya sanduku. Hapakuwa na mtu wa katikati wa kununuliwa.

Leo meya wa Manispaa yetu huchaguliwa na madiwani, si na mimi wa Lizaboni. Tumezoea. Na tumezoea hata sisi vijana. Juzijuzi tulikutana arobaini na kitu pale Mfaranyaki kuchagua mwakilishi wa kwenda Dodoma. Tukaambiwa tuchague watano, hao watano watachagua mmoja. Nikauliza, kwa nini tusimchague huyo mmoja wenyewe? Mwenye kikao akacheka: "Dogo, nyie wengi mno, mtagombana."

Watano wakaingia chumba cha pili. Wakatoka na jina la mtu ambaye hata ukumbini hakuwamo.

Mwenzangu mmoja, mshairi, akatunga beti za kukisifu kikao kile. Nikamwuliza nani kamchagua yule bwana. "Sisi," akasema. Nikamwuliza kama yeye alimpa kura. Akakuna kichwa, akasema kura yake ilipitia kwa wale watano.