Makocha, Waulizeni Watoto

Pita jioni karibu na uwanja wowote wa tenisi ambako watoto wanafundishwa, utasikia sauti moja tu, nayo ni ya mtu mzima. "Inama! Geuza bega! Tazama mpira! Nimekwambia mara ngapi?" Mtoto wa miaka tisa anahangaika huku na huko, na kila akimaliza kupiga anageuka kumwangalia kocha kama mshtakiwa anayesubiri hukumu. Hilo ndilo linaloniudhi, na leo nitalisema.

Kuuliza si ujinga. Methali hii tunamhubiria mtoto asubuhi na jioni, lakini mtu mzima akitakiwa amwulize mtoto anaona amevuliwa heshima. Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu, mjuzi wa yote, alimwuliza Nabii Musa ameshika nini mkononi, na Musa akapewa nafasi ya kujibu. Je, Mola hakuijua ile fimbo? Basi kocha mwenye cheti cha kozi fupi anaona haya gani kumwuliza mtoto ameishikaje raketi yake?

Tenisi ni mchezo wa upweke. Mchezaji ana sekunde 25 kati ya pointi moja na nyingine, na sekunde 90 wanapobadilishana pande, basi. Kwa miaka mingi kocha alikatazwa hata kuashiria kwa mkono. Serena Williams mwenyewe alipewa onyo katika fainali ya New York mwaka 2018 kwa sababu ya ishara za kocha wake. Ni kweli kwamba tangu 2025 kanuni za dunia zinamruhusu kocha kusema neno kutoka pembeni pale waandaaji wanapokubali, ila neno hilo haliupigi mpira. Angella Okutoyi, binti yetu wa Kenya, alipotwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, hakuna mtu wa Nairobi aliyeingia naye uwanjani kufikiri kwa niaba yake. Akili za kuambiwa, changanya na zako, walisema wazee. Mtoto atachanganya na zipi, kama zake hazijawahi kuitwa kazini?

Chukua hiyo amri ya "tazama mpira". Mtoto anaitikia ndiyo, kocha, na macho yake yako kwa mama aliyekaa nje ya uzio. Sasa mwulize: mpira ulipokujia ulikuwa unazunguka kwenda mbele au kurudi nyuma? Ulivuka wavu juu kiasi gani? Hawezi kujibu asipoutazama. Mmarekani Timothy Gallwey alikwisha kuyaandika haya mwaka 1974 katika kitabu chake The Inner Game of Tennis, akiwafanya wanafunzi wautaje mpira kwa sauti unapodunda na unapopigwa, badala ya kuwarundikia maagizo ya kiwiko na goti. Nusu karne imepita, sisi bado tunapiga kelele.

Au suala la kupiga kwa mshazari. Kocha wa kelele atasema "piga mshazari!" mpaka koo limkauke. Kocha mwenye hekima atawapeleka watoto kwenye wavu na futi ya kupimia, kisha awaulize wavu ni mfupi wapi. Watagundua wenyewe kwamba katikati ni sentimita 91 na kidogo, na kwenye nguzo ni 107. Awaulize tena, kutoka pembe hadi pembe na kunyoosha moja kwa moja, wapi kuna nafasi zaidi? Kunyoosha ni mita 23.77; mshazari unapita mita 25. Mtoto aliyelipima jambo kwa mikono yake halisahau, na siku ya mashindano hatamtafuta mtu wa kumkumbusha.

Lakini si kila chenye alama ya kuuliza ni swali. "Si nilikwambia uiname?" hilo ni kofi. "Kwa nini umepiga wavuni?" nalo linamfanya mtoto atafute udhuru: jua, upepo, raketi mbovu. Muulize nini kilitokea, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi wetu. Swali halijatua, jibu tumeshalitoa wenyewe. Na mdogo wa miaka sita msimtese kwa falsafa: mpeni mpira mwekundu wa polepole, mwulizeni umeanguka ndani au nje, mwacheni acheze.

Wala siwadharau makocha wetu, hasha. Wanafundisha juani kwa malipo haba, kwa mipira iliyokwisha manyoya, na wakilala wanaota uwanja. Watu wenye subira ya namna hiyo hawashindwi na subira ya kungoja jibu la mtoto.

Na kwa kuwa nimefika uwanjani, siwezi kutoka bila kulisema hili la waokota mipira. Katika klabu moja nisiyoitaja nilimwona kijana wa kuokota akitikisa kichwa kabla mwanachama hajapiga, maana alishaona miguu ilivyokaa vibaya. Kijana huyo anatazama tenisi siku nzima, na maswali yote niliyoyataja angeyajibu vizuri kuliko watoto wa wenye kadi. Nani amemwuliza? Anaambiwa "leta mpira", jua likizama anapewa nauli. Akiba haiozi, lakini raketi kuukuu zinazooza stoo za klabu zetu si akiba, ni uchoyo. Viwanja vingi asubuhi za kazi havina mtu. Viongozi wa klabu, wapeni vijana hao raketi na saa moja ya uwanja. Makocha watawaunga mkono, kwa sababu baadhi yao walianza kwa kuokota.