Kansa ya wamama na makuta ya madini



Wengi wanasema ya kwamba kansa ni ugonjwa wa Wazungu na wa matajiri. Wengine wanasema ni ulozi. Sisi tunasema ni ugonjwa wa watu wote, na udongo wetu ulitoa dawa yake zamani. Karibu na Likasi kuna Shinkolobwe. Uraniumu ilionekana pale mwaka 1915, na tangu 1922 mawe yake yalikuwa yakitengenezwa kule Olen, Ubelgiji, ili kutoa radiumu. Kwa radiumu ile waganga wa Ulaya walitibu kansa, zaidi sana ile ya mlango wa uzazi. Waliochimba mawe walikuwa babu zetu. Watu husimulia bomu la 1945 tu. Habari ya dawa hawaisemi.

Sasa tutazame nyumbani. Mama anatoka damu nje ya siku zake. Anaona haya, ananyamaza. Anakwenda kwa mwombezi, kisha kwa mganga wa miti. Anafika hospitali wakati harufu imekwisha kumtenga na wenzake. Hapo munganga amebaki na kazi ya kupunguza maumivu, kama dawa ya maumivu iko.

Na kansa hii ndiyo inayozuilika kuliko nyingi. Inaletwa na virusi iitwayo HPV, ambayo watu huambukizana kwa kulala pamoja, na inachukua miaka mingi kabla haijawa kansa. Katika miaka hiyo muuguzi aliyefundishwa anaweza kupaka siki iliyopimwa nguvu, kungoja dakika moja, na kuona alama nyeupe. Mara nyingi alama ile inachomwa siku hiyohiyo, na mama anarudi kwake kwa miguu. Kwa wasichana kuna chanjo. Jirani zetu wa Rwanda waliianza mwaka 2011. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali ya kwamba hata sindano moja yaweza kutosha.

Wanaume msicheke. Vumbi la silika la mgodi na hewa ya radoni huleta kansa ya mapafu, na mwaka 2022 wataalamu wa kansa wa Shirika hilohilo waliandika kobalti kati ya vitu ambavyo yaelekea huleta kansa.

Wakubwa watajibu: makuta haiko, na malaria kwanza. Malaria si ndogo, tunaizika kila mwaka. Lakini sisi tunaoandika tani katika vitabu vya kampuni hatuwezi kukubali neno la kwamba makuta haiko. Sheria ya madini ya 2018 inagawa malipo ya madini hivi: Serikali ya Kinshasa 50%, provinsi 25%, komini au sekta yenye mgodi 15%, mfuko wa vizazi vijavyo 10%. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Na mwaka 2001, kule Abuja, wakuu wa Afrika waliahidi kutia 15% ya bajeti katika afya. Tao la saruji penye njia kubwa ni zuri kwa macho, ila halipimi mama yeyote.

Tunataka jambo hili liandikwe katika bajeti kwa jina lake: kansa. Muuguzi aliyefundishwa, siki na chombo cha kuchomea katika kila kituo cha afya cha komini yenye mgodi. Chanjo katika shule. Morfini katika hospitali. Na nauli ya mgonjwa anayepaswa kwenda mbali kwa matibabu ya miali.

Wabunge wa provinsi wanapiga kura ya bajeti kila mwaka. Kabla ya kikao hicho kila kambi imwandikie mbunge wake barua, yenye majina na sahihi, na nakala ipelekwe kwa bulgumesta. Anayejua kuandika amwandikie jirani asiyejua.