Mabaharia wa Maji Baridi

Sisi wa visiwani tuna kiburi kimoja cha kale: likitajwa neno baharia, macho yetu huelekea majahazini, kwenye kusi na kaskazi. Ukimtajia mtu baharia wa Tarime au wa Serengeti, atacheka. Huko si kwa ng'ombe, dhahabu na wanyama wa mbuga? Bahari iko wapi?

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hadi Rorya ilipofanywa wilaya mwaka 2007, mwambao wa Shirati ulikuwa sehemu ya Tarime. Nao Mto Mara hupita Serengeti na Tarime kabla ya kuingia Ziwa Viktoria, jirani na Musoma. Katika ziwa hilo meli za mvuke zilianza kazi mwanzoni mwa karne iliyopita: William Mackinnon, Winifred, Sybil. Hiyo Sybil ilipanda mwamba karibu na Majita mwaka 1914. Majina ya meli yamehifadhiwa vitabuni. Ya waliochochea moto wake, nani ayajuaye?

Na kazi yao haikuwa mzaha. Meli ya ziwani ilikunywa maji yale yale iliyoelea juu yake, kwani hayana chumvi ya kuganda ndani ya bwela. Lakini moto ulitaka kulishwa usiku na mchana. Mvuke ukipungua, mashine hulegea na chombo huwapa mawimbi ubavu. Maji ya bwela yakishuka mno, chuma huungua, na bwela lenyewe laweza kupasuka. Basi fayamani ndiye aliyeujua ugonjwa wa chombo kabla ya mwenye meli, na kabla ya abiria.

Wazee hao wakisimulia meli iliyozimika katikati ya ziwa, sisi twaona vichekesho vya barazani. La! Huo ni ushahidi. MV Bukoba ilizama mwaka 1996, Spice Islander ikazama karibu na Nungwi mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018. Hizo hazikuwa za mvuke, lakini zote zilipakia kupita kiasi. Na chombo kilichoelemewa huwa na mashahidi kabla hakijazama: mpakiaji, fundi, baharia. Tatizo letu si kukosa wajuzi, ni kuwadharau.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli zake za ziwani ziligawanywa, na wafanyakazi wake wa zamani walidai haki zao kwa miaka mingi. Mali ilihesabiwa, kumbukumbu haikuhesabiwa.

Enyi washairi, mmelisifu tanga hata limechanika. Ipandeni bara, mketi na wazee wa Musoma na Shirati, mwandike wasemayo juu ya dohani na tanuri. Kila mwaka tunaochelewa, twazika shahidi mmoja, kisha twauliza kwa mshangao kwa nini meli imezama.