Daftari la Wiki: Herufi Nne

Wiki hii kwenye vimbweta salamu zimebadilika. Ukikaa karibu na mtu usiyemfahamu, zamani alikuuliza unasoma kozi gani na umetoka mkoa gani. Sasa anakuuliza wewe ni herufi gani. INFJ ndio waliojaa. Tovuti zinazogawa herufi hizo zinasema watu wa aina hiyo ni adimu kuliko wote, lakini darasani kwetu wamejaza safu nzima, na kila mmoja wao anaamini hakuna anayemwelewa.

Sisi wa ualimu saikolojia ni lazima, upende usipende, na kwa kawaida tunaisoma kwa kukariri: Piaget na hatua zake nne, Pavlov na mbwa, Skinner na njiwa, unafunga desa unaingia kwenye mtihani wa UE ukiomba tu usishike sapu. Mada ya haiba imekuja tofauti. Watu wanawahi mhadhara. Jamaa wa nyuma kabisa, ambao huwa tunawafahamu kwa visogo tu wakiondoka, wameanza kuuliza maswali. Nadhani sababu ni rahisi: kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, somo linamhusu mwenye kulisoma.

* * *

Kipimo cha haiba kinachogawa hizo herufi nne hakikuzaliwa maabara. Kilizaliwa nyumbani kwa mama na binti wa Kimarekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, ambao hakuna hata mmoja aliyesomea saikolojia. Mama alivutiwa na kitabu cha Carl Jung kuhusu aina za watu, kilichotoka mwaka 1921. Binti, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameandika riwaya ya upelelezi, alianza kutunga maswali wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiamini kwamba wanawake waliokuwa wakiingia viwandani kujaza nafasi za wanaume wangesaidika kama wangejua kazi inayowafaa. Nia njema kabisa, na siwezi kumdharau mtu kwa kukosa shahada. Hapa chuoni ninawajua wenye tatu.

Kasoro iko kwenye mkasi. Watu wengi, ukiwauliza kama wanapenda makundi au upweke, wanaangukia katikati. Kipimo kinakata hapohapo katikati, halafu kinawapa majina tofauti waliokuwa wamekaa bega kwa bega. Ni kama kulipanga darasa kwa kamba moja iliyofungwa ukutani, aliye juu ya kamba aitwe mrefu, aliye chini aitwe mfupi, basi. Ndiyo maana mtu akirudia maswali baada ya wiki chache anaweza kutoka na herufi nyingine. David Pittenger aliliandika hilo mwaka 1993: hadi nusu ya watu hubadilika aina baada ya wiki tano tu. Na kampuni yenyewe inayokiuza inasema kisitumike kuchagua watu wa kuajiri. Hilo sikulisikia kutoka kwa mtu yeyote aliyeniuliza herufi zangu.

* * *

Jumanne mwalimu aliturudishia majibu ya dodoso la haiba tulilojaza wiki iliyopita. Kila karatasi ilikuwa na namba ya usajili ya mwenyewe kwa juu, imekunjwa na kubanwa kwa pini, siri tupu. Tusome kimya kimya, akasema, kisha tuipe alama kuanzia sifuri hadi tano kadiri ilivyotueleza. Jirani yangu aliipa tano na kuipiga picha amtumie mchumba wake, ili aone anachokwenda kuoa. Ndipo mwalimu akatuambia tubadilishane karatasi.

Zote zilikuwa moja, neno kwa neno.

Mchezo huo ni wa Bertram Forer, aliyewafanyia wanafunzi wake 39 huko Marekani mwaka 1948. Wastani wa alama walizotoa ulikuwa 4.26 kati ya 5, na sehemu kubwa ya maelezo yale aliyachota kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa kibandani pamoja na magazeti. Mwaka 1956 Paul Meehl akautangaza udhaifu huu wa kukubali maelezo yanayomfaa kila mtu kwa jina la Barnum, yule tajiri wa maonyesho aliyekuwa na kitu cha kumfurahisha kila anayelipa kiingilio.

Baada ya kicheko kuisha nilibaki nikizichunguza zile sentensi, maana zimesukwa kwa ustadi. Kila sifa inakuja na kinyume chake: wewe mchangamfu, ila kuna nyakati unajitenga. Nani asiye hivyo? Halafu unasifiwa kwa kipaji ambacho bado hujakitumia, sifa isiyohitaji ushahidi. Hata lawama zimechaguliwa zile ambazo mtu akizikiri anaonekana mwema zaidi, kwamba anajikosoa kupita kiasi, kwamba ana moyo wa huruma hadi anaumia. Hakuna mstari uliosema unakopa na husemi utalipa lini. Hakuna uliosema ukiachiwa simu ya mwenzio uichaji, unasoma meseji zake.

* * *

Bibi yangu wa Tanga hashangai haya. Nilipomsimulia kwa simu aliuliza swali moja: "Sasa huyo mwalimu wenu, jina la mama yako hakuuliza?"

Kwa mtu wa pwani swali hilo lina mantiki yake. Fundi wa falaki anachukua jina lako na la mama yako, anajumlisha thamani za herufi zake kwa hesabu ya Kiarabu, anagawa kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota yako: Simba, Mizani, Nge, Ndoo na kadhalika. Kila nyota ina asili yake, moto au udongo au upepo au maji, na asili hiyo ndiyo inayokutabiria hasira zako na mchumba anayekufaa. Dar es Salaam mambo hayo yalitoka kwenye mikeka ya mafundi yakaingia magazetini zamani; Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alikuwa mnajimu anayejulikana na watu wasiowahi kukanyaga kwa fundi yeyote.

Basi siku mbili baadaye mwalimu anatuonyesha ukutani duara la Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa Uingereza wa karne iliyopita. Mistari miwili inapita katikati, mmoja wa uchangamfu na mmoja wa utulivu wa moyo, na ndani ya robo nne zinazobaki Eysenck ameweka tabia nne za tabibu Galen: mwenye damu, mwenye nyongo, mwenye huzuni, mwenye kohozi. Galen huyohuyo ndiye waliyemsoma matabibu wa Kiarabu na Kiajemi, na elimu yao ikasafiri na majahazi hadi kwetu, ikituachia habari za miili ya joto na miili ya baridi ambazo bibi bado anazitumia kuamua nani asile papai la usiku. Slaidi ile ilikuwa na ndugu Tanga.

Sisemi falaki na saikolojia ni kitu kimoja. Eysenck alikusanya majibu ya watu, akayapiga hesabu, na mwingine akiona amekosea anaweza kuyapiga upya na kumwambia. Fundi wa falaki hakuna namna ya kumkamata. Lakini kuna jambo moja ambalo fundi ameliona na dodoso halikuliona: yeye hakuulizi wewe mwenyewe u mtu wa namna gani. Anajua utajipendelea.

* * *

Wanasaikolojia wengi leo wameziacha aina, wanapima ngazi. Njia yenyewe ilianzia kwenye kamusi. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipitia kamusi ya Kiingereza wakatoa karibu maneno 18,000 yanayomweleza mtu. Waliofuata wakayachuja kwa miaka mingi hadi yakabaki mafungu makubwa matano: upana wa mawazo, umakini na utaratibu, uchangamfu, upole, na wasiwasi. Kila mtu anayo yote matano, anatofautiana kiasi. Hapa angalau kuna kitu cha kushika. Umakini, kwa mfano, unaendana na alama za masomo na utendaji kazini, si sana, lakini mara kwa mara kiasi cha kuaminika. Kwa nini kuna watu wa kawaida tu kichwani wasiodisko, yaani wasioondolewa chuo kwa kufeli, na wenye vichwa vikali wanaodisko, nadhani jibu mojawapo liko hapo.

Kisha unauliza: matano hayo ni ya binadamu au ya waliojibu? Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walichapisha matokeo ya Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji wa msituni, na mafungu matano hayakujitokeza. Yalitoka mawili, moja la kuishi vizuri na watu, jingine la bidii. Mwaka 2020 wengine wakaanza upande wa pili: wakachukua maneno ya Kimaa yenyewe, wakawaomba Wamasai wa Kenya na Tanzania waeleze watu wanaowafahamu. Nako matano ya kwenye vitabu hayakutoka kama yalivyo.

Lakini utafiti ulionikaa zaidi ni wa mwaka 2019, wa Rachid Laajaj na wenzake, waliopitia majibu ya watu zaidi ya 94,000 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Maswali yaleyale yanayofanya kazi vizuri kwa wanaojijazia mtandaoni yalivurugika yalipoulizwa ana kwa ana nyumbani kwa watu. Sababu mojawapo ni kukubali: mtu anaulizwa kama ni mchapakazi, anasema ndiyo, anaulizwa kama ni mvivu, anasema ndiyo.

Mimi niliwahi kutembea na madodoso wakati wa likizo, kazi ya vibarua ya mradi fulani wa kilimo, na ninamwona kabisa huyo mtu. Umeingia uani kwake na kishikwambi na kitambulisho cha shingoni. Amekutolea kigoda. Mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyekuleta, kwa hiyo huenda unagawa mbolea au unaandikisha watu wa kusaidiwa. Unamsomea: "Mimi ni mtu ninayeudhika upesi. Unakubali sana, unakubali, hukubali?" Mtoto anafukuza kuku. Mkwe yuko mlangoni anasikia. Mzee wa watu anakutazama, anaona umechoka, anasema nakubali, mwanangu, andika. Hapo amekuonyesha upole, subira na akili ya kusoma hali, vyote kwa mkupuo, na wewe umeandika kwamba anaudhika upesi.

* * *

La udanganyifu kwenye mitihani nalipita haraka kwa sababu wakati wake umekaribia. Mwaka 1928 Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha kazi waliyoifanya kwa maelfu ya watoto wa shule Marekani, wakiwapa nafasi za kuiba senti, kusema uongo, kuangalizia. Walitarajia kupata waaminifu huku na wadanganyifu kule. Walichokuta ni kwamba anayeangalizia hesabu huenda asiguse senti ya mtu, na asiyeangalizia darasani huenda akadanganya michezoni. Msimamizi wa mtihani anayetutazama nyuso ili amjue mwenye kibuti soksini angepata faida zaidi akisogeza madawati.

* * *

Mwenzangu wa chumbani, ambaye ni wa Zanzibar na anasoma sheria, alinisikiliza nikisema haya yote huku akikunja nguo. Akanikumbusha kisa kinachosimuliwa madrasa, cha Sayyidna Umar na mtu aliyekuja kumtolea mwenzake ushahidi kuwa ni mwema. Umar akamuuliza: ni jirani yako? Hapana. Umesafiri naye? Hapana. Mmewahi kufanya biashara, dinari na dirhamu? Hapana. Basi wewe humjui, labda umemwona tu msikitini akiinuka na kuinama.

Nilipomwambia kwamba mwanasaikolojia Simine Vazire alifika jirani na hapo mwaka 2010, hakuvutiwa. Vazire alilinganisha majibu ya watu kuhusu nafsi zao, majibu ya rafiki zao, na matendo yao yaliyopimwa. Kwenye wasiwasi wa ndani, mtu anajijua kuliko rafiki zake, maana wao hawauoni. Kwenye mambo yenye sifa na aibu, kama akili na ubunifu, rafiki wanamshinda mwenyewe. Kila mmoja ana dirisha lake.

Kazi ya semina wiki ijayo ni kujaza dodoso la mafungu matano mara mbili, mara moja mwenyewe na mara moja mtu anayeishi nawe. Mwenzangu amenijazia usiku huu akiwa amejifunika kanga ili nisichungulie, na amechukua muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kwenye wasiwasi ameniweka chini, kumbe hajui. Kwenye utaratibu amenipa moja, na pembeni, mahali ambapo fomu haina nafasi ya maelezo, ameandika neno "pasi" na kulipigia mstari. Nimemwambia maelezo hayaruhusiwi, yanaharibu takwimu. Amesema pasi nayo ni takwimu, na kwamba yuko tayari kuitwa semina kama shahidi.