Kombe la Rembrandt na Sindano Yake

Jambo moja linastahili kutajwa kuhusu chapa ya kombe la baharini aliyoitengeneza msanii Rembrandt mwaka 1650, nalo ni kwamba ubora wake umetokana na mbinu tatu zilizounganishwa katika bamba moja la shaba. Ya kwanza ni uchoraji wa asidi, ambapo bamba hupakwa nta, msanii akachora kwa sindano hadi shaba ionekane, kisha asidi ikala mistari iliyofunuliwa tu. Ya pili ni sindano kavu, yaani kukwaruza shaba yenyewe bila asidi, ili kingo za mikwaruzo zishike wino na kutoa weusi laini. Ya tatu ni patasi nyembamba inayochimba mistari safi na mikali. Katika hatua ya kwanza ya bamba hilo kombe lilielea juu ya karatasi tupu, lakini katika hatua ya pili Rembrandt aliongeza giza nyuma yake, na hapo madoa meupe yenye umbo la pembetatu yakang'aa. Kwa kuwa uchapaji hugeuza picha kama kioo, sahihi yake aliiandika kinyumenyume ili isomeke sawasawa, ilhali kombe lenyewe hakuligeuza, hivyo mzunguko wake ukatoka kushoto badala ya kulia. Kosa hilo halipunguzi thamani ya kazi hiyo, kwa kuwa hadi leo ndiyo chapa pekee ya Rembrandt inayoonyesha kitu kisicho na uhai peke yake.