Ramani kubwa si mechi nzuri

Wapenzi wa gemu za kufyatua risasi wamegawanyika kama Simba na Yanga. Kuna wa Call of Duty 4: Modern Warfare ya 2007, inayokupeleka njia moja, hatua kwa hatua. Kuna wa Far Cry 2 ya 2008, inayokuachia ramani nzima: panda gari, chagua njia, vamia utakavyo.

Uhuru mtamu, lakini una gharama. Kwenye Far Cry 2 unasafisha kizuizi cha barabarani, ukirudi baadaye walinzi wamejaa tena. Hizo ni pasi nyingi katikati ya uwanja bila shuti golini. Modern Warfare nayo inabana: ukiirudia, unajua adui anatokea wapi.

Dawa ipo tangu 2001. Halo ya kwanza ilikuwa na njia yake, ila kila pambano lilimpa mchezaji nafasi pana ya kuamua. Kocha kapanga mfumo, winga kaachiwa apige krosi au aingie ndani.

Watengenezaji waache kutamba na ukubwa wa ramani. Kijana anayelipia muda kwenye banda la gemu anataka mechi, na dakika zake zinahesabika.