Berserk: tusimhesabie marehemu siku alizochelewa

Vijana wetu wanaofuata manga kwenye simu, Goma, Bukavu, Uvira na kwingine, wana lalamiko moja la zamani juu ya Berserk: inachelewa. Sehemu moja inatoka, kurasa ishirini hivi, zinasomwa kwa dakika tano. Halafu kimya. Miezi inapita. Mara nyingine tumewasikia wakimtukana mchoraji kama vile ni fundi aliyekula pesa ya mlango na hajauleta.

Mchoraji huyo, Kentaro Miura, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1966, alifariki tarehe 6 Mei 2021. Mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni ulipasuka. Alikuwa na miaka 54, na hadithi hiyohiyo alikuwa ameishika tangu 1989. Kitabu cha 40 kilitoka Septemba 2018. Cha 41 kilitoka Desemba 2021, mwenyewe akiwa kaburini.

Tunaandika haya kwa sababu malalamiko hayakuisha naye. Yanaendelea hata leo, na kwa maoni yetu mengi kati yake hayana haki.

Anayelalamika afungue kwanza ukurasa wowote wa vita. Guts, shujaa wa hadithi, anabeba upanga mrefu kumshinda yeye mwenyewe, kipande kizito cha chuma ambacho mtu wa kawaida hawezi hata kukiinua. Miura anauchora ukizunguka, na jicho lako linaona ulipoanzia, ulipopita na nani aliyekatika. Nyuma yake kuna jeshi zima, na askari wa safu ya nyuma kabisa naye ana kofia yake, mkuki wake na uoga wake mwenyewe usoni. Mawe ya kanisa yamechorwa moja moja. Wengi wamelinganisha kazi hii na michoro ya Mfaransa Gustave Doré wa karne ya 19, nasi hatuoni kama wametia chumvi. Mwaka 2002 Japani ilimpa tuzo yenye jina la Osamu Tezuka. Gazeti lake, Young Animal, linatoka mara mbili kwa mwezi. Kazi ya namna hii haiingii katika ratiba hiyo mwaka baada ya mwaka bila mwili wa mtu kulipa.

Kweli, kuna sehemu ambazo hata sisi tulichoka. Guts na wenzake walipanda meli kwenda kisiwa cha majini wadogo, na wasomaji wakangoja miaka kabla ya meli hiyo kufika. Ilikuwa mzaha wa dunia nzima. Sisi tunaojua boti ya usiku ya Ziwa Kivu tulikuwa na haki ya kucheka: yetu, pamoja na shida zake zote, asubuhi inafika.

Lakini kuna jambo moja katika Berserk ambalo kwetu linaonekana tofauti na linavyoonekana Tokyo au Paris. Ni habari ya Casca.

Casca alikuwa kamanda, mwanamke aliyeongoza wanaume vitani, nao wakamtii. Katikati ya miaka ya 1990 Miura alichora usiku ambao Griffith, mkuu wao wote, aliwauza askari wake kwa mashetani ili apate ufalme, na akambaka Casca mbele ya Guts. Tangu usiku huo Casca hana akili. Haongei. Anatembea kama mtoto mchanga, na akiguswa na mwanamume anapiga kelele. Msomaji aliyekuwa na miaka 15 alipoona kurasa zile alipita miaka 35 kabla ya kumuona amepona. Ilikuwa mwaka 2018, pale wanawake wawili rafiki zake walipoingia katika ndoto yake na kuokota vipande vya kumbukumbu zake kimoja baada ya kingine. Na akili iliporudi, Miura hakumpa harusi. Casca alipomuona Guts, mtu anayempenda, usiku ule ulimrudia wote mara moja, akaanguka akilia.

Mwaka huohuo wa 2018 Dokta Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi yake na ya wenzake katika hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa Bukavu mwaka 1999. Hatusemi Miura alikuwa anawaza Kivu. Tunasema kwamba mkaaji wa Kivu akisoma kwamba mwanamke aliyebakwa vitani amepona baada ya miaka ishirini na zaidi, na bado hawezi kutazama uso wa mumewe, hataona hadithi imechelewa. Atajua mwandishi hakudanganya. Ni filamu ngapi zimetuonyesha mwanamke wa namna hiyo akioga, akilia kidogo, na kesho yake ameshika bunduki?

Kuhusu jambo moja tuko pamoja na wanaolalamika. Anayelipa ana haki ya kuambiwa. Gazeti linalojua kwamba mchoraji wake amechoka liseme hivyo, na litaje mwezi wa kurudi, badala ya kumwacha msomaji akitazama kila toleo bure. Ila wengi wetu hapa hatukulipa. Vitabu vya Kifaransa, vinavyotolewa na Glénat, ni vigumu kuvipata katika miji yetu, na bei yake haiko kwa mwanafunzi. Kwa hiyo tunasoma nakala zilizopigwa picha na watu tusiowajua. Hatumlaumu mtoto wa mtu kwa hilo. Tunamuomba tu apunguze sauti.

Sasa kazi iko kwa wasaidizi wake wa Studio Gaga. Walianza tena Juni 2022, wakisimamiwa na Kouji Mori, rafiki wa Miura tangu shule ya sekondari, ambaye miaka kama thelathini iliyopita aliketi na Miura akasimuliwa hadithi mpaka mwisho wake. Mori ameahidi kutoandika ila kile anachokumbuka. Kuna wanaosema ingekuwa heshima zaidi kuacha pale marehemu alipoachia. Hatukubali. Mzee akifa kabla ya kumaliza kusimulia, yule aliyeisikia anaimalizia, na kila mtu hapo barazani anajua sauti si ileile. Nyuso zimekuwa ngumu kidogo, hilo tunaliona. Bado inachelewa pia.

Neno kwa wazazi: kitabu hiki si cha watoto, hata kama kina picha. Mtoto wa miaka kumi asikiguse. Na mtu aliyepitia yale ya Casca aonywe kabla hajakifungua, maana kurasa zile hazifichi kitu.

Hadithi ilipoendelea baada ya kifo cha Miura, Griffith alimchukua Casca kwa mara nyingine, na Guts akakaa chini, hana nguvu ya kuinua upanga wake. Sehemu inayofuata itatoka itakapotoka.